Oili Inapovuja Baada ya Kubadilishwa Cheni ya Injini

Gari limetoka gereji. Cheni iliyokuwa ikigonga imebadilishwa, injini inanguruma kwa utulivu, na mwenye gari amekwisha kulipa. Asubuhi ya pili panaonekana chini ya gari doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Fundi huitwa, akainama, akatazama, na hukumu hutolewa upesi: pampu ya oili imekufa, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi, na fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kuonyesha kwa nini.

Cheni inayozungumzwa hapa ni ile iunganishayo krankishafti, yaani mtaimbo wenye vipindo unaozungushwa na pistoni, pamoja na kamishafti zinazofungua vali. Mafundi huiita taimingi cheni. Katika injini nyingi za siku hizi pampu ya oili haikai peke yake. Mfano mzuri ni injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ambayo imo katika magari mengi ya Probox, IST na Vitz yanayoonekana katika barabara za Afrika Mashariki. Humo pampu imejengwa ndani ya kifuniko kile kile cha mbele kinachoifunika cheni, nayo huzungushwa moja kwa moja na krankishafti. Kwa hiyo fundi abadilishaye cheni huing'oa pampu pia, apende asipende. Na kila kiungo alichokifungua hakina budi kuzibwa upya.

Pampu yenyewe ni kifaa chepesi kukielewa. Gurudumu dogo lenye meno ya mviringo hukaa ndani ya gurudumu kubwa lenye meno yanayoelekea ndani, na lile dogo lina jino moja pungufu. Yanapozunguka pamoja, nafasi baina ya meno hupanuka upande mmoja, oili ikavutwa kutoka katika bakuli la chini ambalo mafundi huliita sampu. Kisha nafasi hiyo husinyaa upande wa pili, oili ikasukumwa kuelekea kwenye beringi. Kifaa cha namna hii hakiharibiki kwa kufunguliwa tu.

Basi oili hutoka wapi? Kwanza yafaa kutenganisha sehemu mbili ambazo jicho huziona kama moja. Nafasi pana iliyo nyuma ya kifuniko, inamozunguka cheni, haina shinikizo kubwa: oili humo hurushwarushwa na cheni, kisha huteremka kwa uzito wake hadi kwenye sampu. Lakini mfereji utokao kwenye pampu na kuingia katika bloku ya injini hubeba oili yenye shinikizo, ambalo injini ikienda kasi hufika kilopaskali mia kadhaa. Shinikizo la hewa inayotuzunguka ni kilopaskali 100 hivi. Katika injini nyingi za aina hii, mfereji huo huzibwa kwa pete ya mpira inayobanwa baina ya kifuniko na bloku.

Pete hiyo ikisahauliwa, ikikatwa wakati wa kufunga, au ikirudishwa ile kuukuu iliyokwisha kukakamaa, huenda oili isitoke nje hata tone. Hupenya ndani, ikaanguka kwenye sampu, na chini ya gari pakabaki pakavu kabisa, huku beringi zikikosa oili. Mvujo huu usioonekana ni wa hatari kuliko ule unaochafua sakafu, maana ule wa sakafuni angalau hujitangaza. Dalili ya mvujo wa ndani ni taa nyekundu ya oili inayochelewa kuzimika, au inayometa injini ikiwa imepata moto na inazunguka polepole. Hapo injini yapasa kuzimwa mara moja. Hata cheni mpya haisalimiki, kwa kuwa kifaa kinachoikaza husukumwa na shinikizo la oili hiyo hiyo. Shinikizo likipungua, cheni hulegea na kugonga kama ile iliyotupwa.

Wengi hushangaa kwamba injini ile ile haivuji asubuhi, ila huanza kutona baada ya safari. Jibu limo katika mnato. Oili ya daraja la SAE 30 ikiwa katika nyuzi 40 za Selsiasi huwa na mnato wa takriban milimita za mraba 100 kwa sekunde. Ikifika nyuzi 100, mnato hushuka hadi kati ya 9.3 na 12.5. Oili iliyokuwa nzito kama asali sasa hukimbia. Jambo la pili ni upana wa ufa. Kiasi cha kiowevu kinachopita katika ufa mwembamba hulingana na kipeo cha tatu cha upana wake. Ufa wa milimita 0.05 ukipanuka kuwa milimita 0.10, mvujo hauongezeki mara 2 bali mara 8. Gamba dogo la silikoni ya zamani lililoachwa juu ya chuma, au uzi mmoja wa kitambaa cha kufutia, watosha kuleta tofauti hiyo.

Mvujo wa nje hutokea hasa mahali patatu: kwenye sili ya mbele ya krankishafti, iliyo nyuma ya puli, kwenye kona ambapo silinda hedi, bloku na kifuniko hukutana, na pale kifuniko kinapokalia sampu. Kuutambua mmoja kati ya hiyo hakuhitaji chombo cha thamani. Injini huoshwa na kukaushwa vizuri, hupakwa unga wa chaki sehemu ya mbele, kisha huwashwa kwa dakika chache. Chaki nyeupe ikilowa hugeuka rangi. Kinachotafutwa ni mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa sababu oili huteremka kwa uzito wake na kurudishwa nyuma na upepo. Mikono, nguo na nywele zikae mbali na fanibelti wakati injini inazunguka.

Ikiwa ni sili, chanzo kwa kawaida ni namna ilivyoingizwa. Sili ina mdomo wa mpira unaobanwa na springi nyembamba ya mviringo. Ikigongwa kwa nyundo upande mmoja hukaa mshazari, au springi huruka. Ikiingizwa kavu, mdomo hukunjika. Dawa yake ni sili mpya, iliyopakwa oili mdomoni na kusukumwa sawasawa kwa bomba lenye kipenyo kinacholingana nayo. Ikiwa chuma kinachoguswa na mdomo kimechimbika mfuo, sili mpya nayo itavuja muda si mrefu.

Ikiwa ni kona, hapana njia ya mkato. Kupaka silikoni kwa nje juu ya oili ni kazi bure, kwani haishiki penye mafuta. Kifuniko hutolewa tena, nyuso zote mbili hukwanguliwa bila kuchimbwa, husafishwa mpaka zisiwe na utelezi, na silikoni hutandazwa kama uzi mwembamba usiokatika. Kuzidisha ni kosa kubwa zaidi. Ziada husukumiwa ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huweza kuziba chujio la pampu. Huko ndiko injini nyingine hufia, kwa dawa iliyokusudiwa kuiponya. Silikoni hii hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, hivyo katika kiangazi cha Dodoma huchukua muda mrefu kuliko katika joto la unyevu la Mombasa. Saa zilizoandikwa na mtengenezaji zisifupishwe.

Yafaa pia kukagua vali inayotoa hewa ndani ya injini. Ikiziba, gesi zinazopenya kando ya pistoni hujikusanya na kuisukuma oili nje hata kupitia sili zilizo nzima.

Kabla ya kifuniko kurudishwa, pampu hutiwa oili safi baina ya meno yake, maana pampu kavu huweza kushindwa kuvuta. Baada ya silikoni kukauka na sampu kujazwa, injini huzungushwa kwa starta bila kuruhusiwa kuwaka, vipindi vifupi vifupi, mpaka taa ya oili izime. Ndipo huwashwa. Ikishapoa, kipimo cha oili huchomolewa na kutazamwa, na unga wa chaki hupakwa tena kwa mara ya pili.