Jungu Kuu Halikosi Ukoko: Sanaa ya Usimulizi katika Katuni za Kale za Majagina

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba mighani ni masimulizi yanayohusu majagina, yaani watu wenye nguvu na uwezo usio wa kawaida ambao jamii huwategemea wakati wa dhiki. Hufunzwa pia kwamba jagina hakosi mahali pa udhaifu. Fumo Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili mgumu kama jiwe, lakini uhai wake ulikuwa katika kivuli chake. Wote wawili waliangamia kwa sababu siri hiyo ilifichuliwa na mtu wa karibu: Liyongo alisalitiwa na mwanawe wa kumzaa, naye Magere akasalitiwa na mkewe.

Msomaji aliyezoea mighani hii hawezi kuwa mgeni katika katuni za majagina zilizochipuka nchini Marekani tangu mwaka wa 1938. Hata hivyo, kazi hizo zimepuuzwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wahakiki wanaoona kwamba katuni ni mchezo wa watoto, wala haistahili kuitwa fasihi. Kundi la pili ni la vijana waliowajua majagina hao kupitia filamu, ambao huyaona matoleo ya kale kuwa yamechujuka. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba makundi yote mawili yana hasara moja: yanakosa kuona jinsi hadithi fupi, iliyochapishwa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache, inavyoweza kujengwa kwa ustadi unaodumu.

Chimbuko la jagina wa katuni

Superman alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Ohio, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Wote walizaliwa mwaka wa 1914 katika familia za Wayahudi waliohamia Amerika Kaskazini. Hadithi yao ilitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10. Batman alifuata mwaka wa 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics.

Anayelisoma toleo hilo la kwanza leo hushangazwa na mambo mawili. Kwanza, Superman hakuwa na uwezo wa kupaa angani. Aliruka tu, umbali wa takriban mita 200 kwa mruko mmoja. Pili, hakupambana na majitu kutoka sayari za mbali. Katika kurasa 13 alimwokoa mwanamke aliyekuwa karibu kutekelezewa hukumu ya kifo kwa kosa asilolitenda, akamtia adabu mume aliyekuwa akimpiga mkewe, kisha akaelekea Washington kumwandama mtu aliyekuwa akiwashawishi wanasiasa kwa hila. Haya yaliandikwa katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa hawana kazi wala imani na wenye mamlaka. Kwa hiyo jagina huyu, sawa na jagina wa mighani, alizaliwa kutokana na haja halisi ya jamii yake. Hata udhaifu wake uliongezwa baadaye: jiwe la kriptonaiti lilitajwa kwanza katika mchezo wa redio mwaka wa 1943, na likaingia katika katuni mwaka wa 1949. Wasimulizi walitambua kwamba shujaa asiyeweza kushindwa hazui taharuki yoyote.

Ubanifu wa masimulizi

Sifa ya kwanza inayozifanya katuni za kale zidumu ni ubanifu. Mfano bora zaidi ni kisa cha kwanza cha Spider-Man, kilichoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, Agosti 1962. Toleo hilo lilikuwa la mwisho la jarida hilo, na kisa chenyewe kilipewa kurasa 11 pekee.

Katika kurasa hizo chache, msomaji anamwona Peter Parker, kijana yatima anayelelewa na ami yake Ben na mkewe May, akidharauliwa na wanafunzi wenzake. Anaumwa na buibui mwenye mnururisho, anapata nguvu, na jambo la kwanza analolifanya si kumsaidia mtu yeyote bali ni kujitafutia pesa na umaarufu. Siku moja mwizi anampita akitoroka. Peter angeweza kumzuia kwa mkono mmoja, lakini anaona kwamba hilo halimhusu. Baadaye anarudi nyumbani na kuambiwa kwamba ami yake ameuawa. Anamsaka muuaji hadi kwenye ghala, anamshika, anautazama uso wake na kuutambua: ni mwizi yule yule.

Huu ni utambuzi wa aina ambayo Aristotle aliisifia katika tanzia ya Sophokles ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Mfalme Edipode. Mtafutaji anagundua kwamba njia ya mkosaji inaishia mlangoni pake mwenyewe. Hakuna tukio la ziada katika kisa hiki. Mwizi anapompita Peter kwa mara ya kwanza, msomaji humwona kama kipengele kidogo tu cha mandhari, na ni mwishoni ndipo anapong'amua kwamba tukio hilo ndilo lililokuwa kiini cha yote. Kauli maarufu inayofungamanisha nguvu na wajibu, ambayo wengi hudhani ilitamkwa na Ben, katika toleo hilo hutolewa na msimulizi katika kisanduku cha mwisho, huku Peter akionekana akitembea peke yake gizani. Kwa maneno mengine, inafanya kazi ya funzo linalotajwa mwishoni mwa ngano, baada ya hadhira kuwa imekwisha kuyaona matokeo.

Ikilinganishwa na Ultimate Spider-Man, iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 2000 na kukisambaza kisa hiki hiki katika matoleo kadhaa, tofauti inabainika. Toleo jipya lina nafasi ya kutosha ya mazungumzo na saikolojia ya wahusika, na lina mvuto wake. Hata hivyo, pigo la kisa cha 1962 hutokana hasa na kasi yake: kosa na adhabu yake vimetenganishwa na kurasa chache tu, hivi kwamba msomaji hana muda wa kumtafutia Peter visingizio.

Picha kama lugha

Sifa ya pili ni namna picha inavyosimulia. Katika toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, Februari 1966, Spider-Man amenaswa chini ya mtambo mzito wa chuma. Maji yanavuja na kuzidi kujaa. Mbele yake, mahali asipoweza kufika, imo dawa inayohitajika kuyaokoa maisha ya May, ambaye anaugua kwa sababu aliwahi kuongezewa damu ya Peter. Hapa tena udhaifu wa jagina haumo mwilini mwake bali katika mapenzi na majuto yake. Ditko hatumii maadui wala mapigano. Kwa kurasa kadhaa anamwonyesha mtu mmoja akijaribu kunyanyua uzito, akishindwa, akikumbuka, na kujaribu tena. Mtambo unapoinuka hatimaye, picha moja inaujaza ukurasa mzima. Ukubwa wa picha umefanya kazi ambayo katika ushairi ingefanywa na mizani na vina: umemfanya msomaji aihisi nafuu kabla hajaielezwa.

Mfano mwingine unapatikana katika toleo la 121, Juni 1973, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anatupwa kutoka juu ya daraja. Spider-Man anamnasa kwa utando wake kabla hajafika majini. Karibu na shingo ya msichana huyo imeandikwa tanakali moja fupi ya sauti. Spider-Man haioni, lakini msomaji anaiona. Tanakali hiyo peke yake inazua shaka kwamba huenda ni uokozi wenyewe uliomuua. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao lugha yao ina hazina kubwa ya tanakali, wana nafasi nzuri ya kuuthamini ustadi huu. Tanakali haikuwekwa pale kwa urembo, kwa kuwa imebeba kilele kizima cha hadithi.

Takriri na hadhira inayobadilika

Lawama inayotolewa mara nyingi dhidi ya katuni za kale ni kwamba zina maneno mengi. Jagina hujieleza yeye ni nani, ana uwezo gani na ameingiaje mashakani, hata pale ambapo picha imekwisha kueleza hayo. Lawama hii ina ukweli, lakini chanzo chake ni muhimu. Wahariri wa wakati huo walijua kwamba kila toleo lingekuwa la kwanza kwa msomaji fulani. Hakukuwa na njia rahisi ya kuyapata matoleo yaliyotangulia. Msimulizi alilazimika kumkaribisha aliyechelewa bila kumchosha aliyekuwapo tangu mwanzo.

Huo ndio mtihani wa fanani katika uwanja wa masimulizi. Yeye pia hurejelea sifa za jagina wake na kukariri mambo makuu, kwa sababu hadhira yake huja na kuondoka. Takriri ya katuni za kale basi haifai kupimwa kwa vigezo vya riwaya, bali kwa vigezo vya utendaji.

Kubanwa na kukombolewa

Mwaka wa 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawapotosha watoto. Baraza la Seneti la Marekani likaendesha vikao kuhusu suala hilo, na wachapishaji, kwa kuhofia kudhibitiwa na serikali, wakajiwekea kanuni kali. Wema ulipaswa kuushinda uovu kila mara, na wenye mamlaka hawakupaswa kudharauliwa. Kanuni hizo ziliua aina nyingi za katuni. Licha ya hayo, ndani ya mipaka hiyo hiyo ndimo Spider-Man alimozaliwa. Iwapo mwisho ulijulikana kwamba mwovu atashindwa, swali lililobaki lilikuwa ushindi huo utamgharimu nini mshindi. Mwaka wa 1971 matoleo ya 96 hadi 98 ya The Amazing Spider-Man, yaliyozungumzia madhara ya dawa za kulevya, yalichapishwa bila muhuri wa idhini, na mwaka uo huo kanuni zikalegezwa. Ziliachwa kabisa mwaka wa 2011.

Kasoro zisizofaa kufichwa

Kuzithamini kazi za kale si kuzitakasa. Wanawake wengi ndani yake ni wa kuokolewa tu. Watu weusi walichorwa kwa dhihaka, kama anavyoonekana mhusika Ebony White katika The Spirit ya Will Eisner, iliyoanza mwaka wa 1940. Hatua ilipigwa Julai 1966 wakati Stan Lee na Jack Kirby walipomleta Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda barani Afrika, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Mhakiki makini huyasoma yote mawili, ustadi na upofu wa enzi.

Kasoro nyingine ni ya haki. Siegel na Shuster waliuza hakimiliki ya Superman kwa dola 130. Ni mwaka wa 1975, baada ya malalamiko ya umma, ndipo walipoahidiwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurejeshwa kwenye kazi yao. Bill Finger, aliyeshirikiana na Bob Kane kumbuni Batman, alifariki mwaka wa 1974 na akatambuliwa rasmi mwaka wa 2015 pekee. Vilevile, Lee alizoea kutoa muhtasari, mchoraji akaijenga hadithi kwa picha, kisha Lee akaongeza maneno. Ndiyo maana mjadala kuhusu nani hasa aliyetunga nini haujakwisha. Wasomi wa fasihi simulizi, ambao kila siku hukumbana na tungo zisizo na jina la mtunzi, wanaelewa uzito wa swali hilo.

Hitimisho

Imebainika kwamba katuni bora za kale hazidumu kwa sababu ya kumbukumbu tamu za utotoni. Zinadumu kwa sababu ya msuko usio na ziada, picha zinazobeba maana, udhaifu wa jagina uliofungamana na mapenzi yake, na heshima kwa msomaji anayefika akiwa amechelewa. Sifa hizi zimo pia katika utendi wa Liyongo, ambapo mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake unatosha kubadilisha mkondo wa hadithi nzima.

Kenya ina jadi yake ya katuni, kuanzia Juha Kalulu wa Edward Gitau aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi, hadi Shujaaz iliyoanza mwaka wa 2010 kwa lugha ya Sheng. Mighani ya Kiafrika nayo bado inasubiri wachoraji na waandishi watakaoitendea haki kwa Kiswahili. Atakayeifanya kazi hiyo atafaidika kwa kuchunguza jinsi kurasa 11 za mwaka wa 1962 zilivyopangwa, na jinsi uzembe mdogo wa kijana mmoja ulivyogeuzwa kuwa kisa kinachosomwa hadi leo. Jungu kuu halikosi ukoko, ila ukoko hupatikana na anayekubali kukwangua.