Je, Wajua? Mafuta ya Ganda la Korosho na Kikapu cha Sukari

Je, wajua kwamba ganda la korosho si kavu ndani? Lipasue ulitazame: katikati ya gamba la nje na la ndani mna vitundu kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Aliyewahi kukaanga korosho juu ya bati pale Miteja, wilayani Kilwa, anayajua vizuri. Hulipuka yakawaka, moshi wake huchoma macho, na yakigusa vidole vya mbanguaji ngozi hubabuka ikawa nyeusi.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo mabichi ni asidi ya anakadi. Molekuli yake ina kichwa kinachoshika metali na mkia wa atomi 15 za kaboni unaokimbia maji. Prof. Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Zululand cha Afrika Kusini, waliitumia kuvika chembe ndogo mno za misombo ya risasi ili zisigandamane.

Lakini ukitaka kuvika uso wa metali, molekuli yenye mkia wa mafuta utaifikishaje hapo kwa kupitia maji, bila viyeyusho vyenye sumu? Hapa ndipo penye uhondo. Wanga, ukiwemo wa mihogo, ukichakatwa kwa kimeng'enya cha bakteria hutoa siklodekstrini, pete ya sukari 6, 7 au 8 ambayo Mfaransa Villiers aliieleza mwaka 1891. Ni kama kikapu kisicho na kitako: nje hupenda maji, ndani hupenda mafuta. Mkia hujificha humo na kusafiri majini. Ukifika, kichwa hung'ang'ania metali, kikapu huchomoka na kurudi majini, na mikia husimama bega kwa bega kama makuti ya paa.

Wanakemia wamefanya hivyo juu ya dhahabu, kwa molekuli zenye kichwa cha salfa. Utando unaopatikana una unene wa nanomita 1 hadi 2 tu. Unywele mmoja una kama 80,000.

Mihogo tunayo, korosho tunazo. Inauma kwamba sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mafuta ya ganda huondoka nazo.