Unga, Umeme na Tanuri: Kupaka Rangi Rimu za Gari

Katika miji ya pwani, kama Tanga na Mombasa, rimu za alumini hazikawii kuonyesha madoa meupe chini ya rangi. Chumvi ya hewa ya bahari hupenya penye mikwaruzo, ikaila metali kwa ndani, na rangi ikabambuka kama gome la mti mkavu. Mwenye gari huzipeleka rimu zikapulizwe rangi ya maji, lakini kama kazi imefanywa juu juu, madoa hurejea. Kuna rangi nyingine idumuyo zaidi, nayo ni rangi ya unga. Bei ya unga wenyewe si kubwa. Ugumu uko katika joto, kwa maana joto liivishalo rangi hii, likizidi, huweza kuidhoofisha rimu inayobeba uzito wa gari na abiria wake.

Rangi ya unga haina maji wala tina. Ni chembe kavu za plastiki, kama vile poliesta au epoksi, zilizochanganywa na rangi pamoja na dawa ya kugandisha. Nyingi zina kipenyo cha mikromita 30 hadi 50 hivi. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Gemmer alibuni njia ya kuzamisha kitu cha moto katika unga ulioinuliwa kwa hewa. Njia ya kupuliza kwa umeme ilienea katika miaka ya 1960, na ndiyo itumiwayo kwa rimu.

Mwanafunzi aliyewahi kusugua kitana kwenye nywele, kisha akakiona kikivuta vipande vya karatasi, anakijua tayari kisa cha bunduki ya unga. Ncha ya bunduki huwa na volti 30,000 hadi 100,000, ingawa mkondo wake ni mdogo mno. Chembe zipitapo hapo hupata chaji, nazo huvutwa na rimu iliyounganishwa na ardhi kwa waya, ule ambao mafundi huuita waya wa ethi. Waya huo ukikosekana, au ukifungwa juu ya rangi ya zamani badala ya metali tupu, unga hauShiki vizuri, na cheche huweza kuruka. Katika pembe za ndani, baina ya mikono ya rimu, unga huingia kwa shida, kwa sababu nguvu za umeme hukomea kwenye kingo za nje. Jambo hili latokana na kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836. Fundi mzoefu huanza na pembe hizo, tena hupunguza volti.

Baada ya kupulizwa, rimu huingizwa katika tanuri. Unga huyeyuka, ukatandaa, kisha molekuli zake hufungamana kuwa wavu mmoja usioyeyuka tena. Unga mwingi huhitaji nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi kwa dakika 10 hadi 20. Hapa ndipo wengi wanapokosea: dakika hizo huhesabiwa tangu metali yenyewe ifikie joto hilo, wala si tangu hewa ya tanuri ilifikie. Rimu nene huchelewa. Kwa hiyo kipimajoto chenye kugusa metali ni chombo cha lazima, na kwa maoni yangu kinunuliwe kabla ya bunduki.

Sasa tuitazame metali. Rimu nyingi za kumimina ni alumini yenye silikoni asilimia 7 hivi, pamoja na magnesi isiyofikia hata asilimia 1. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aloi fulani za alumini, zikipashwa moto sana na kupozwa ghafla, huendelea kuwa ngumu kadiri siku zipitavyo. Rimu hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo: hupashwa karibu nyuzi 540, huzamishwa majini, kisha huwekwa kwa saa kadhaa katika nyuzi 150 hadi 170 hivi. Ndani yake hutokea chembe ndogo mno za magnesi na silikoni, zinazozuia tabaka za atomi zisiteleze. Joto likizidi, chembe hizo hukua na kuwa chache, zikaachana mbali, na metali hulegea. Dakika 20 katika nyuzi 200 hazileti madhara makubwa. Lakini anayeichoma rimu motoni ili rangi ya zamani itoke ameiharibu, hata kama jicho halioni badiliko lolote. Rimu za chuma cha kawaida hazina udhaifu huo katika joto la tanuri, hivyo ndizo zimfaazo anayejifunza.

Rangi ya zamani basi iondolewe kwa njia nyingine. Dawa za kubambulia zenye dikloromethani zimewahi kuua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa. Kupuliza mchanga wa kawaida kwa kompresa nako huleta vumbi la silika, liletalo ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Zitumike chembe zisizo na silika, na mfanyakazi avae kinga ya pumzi. Rimu ikishakuwa tupu, ichunguzwe. Yenye ufa isipakwe, maana rangi nzuri huuficha ufa tu.

Je, gharama iko wapi? Tukadirie eneo la rimu moja kuwa mita 1 ya mraba, na unene wa rangi mikromita 70. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 70; kwa uzani wa gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, twapata gramu 105. Rimu nne, pamoja na unga unaopotea, hazimalizi kilo moja. Kuipasha rimu ya kilo 8 kutoka nyuzi 30 hadi 200 kwahitaji kilojuli 1,224 tu, yaani theluthi moja hivi ya yuniti ya umeme. Sehemu kubwa ya umeme huishia katika kuta za tanuri na hewa inayovuja. Hivyo unafuu wa kweli hupatikana kwa mafundi kadhaa kukusanya rimu zao na kulijaza tanuri moja lenye kuta nene. Kupunguza dakika za kuivisha hutoa rangi mbichi itakayobambuka.

Jiko la kupikia lililokwisha kuivisha rangi lisipikiwe tena chakula. La gesi lisitumiwe kabisa: unga ukitanda hewani kwa wingi huweza kulipuka kwa mwali au cheche, kama ulivyo unga wa mahindi kinuni. Tairi na valvu sharti ziondolewe, kwani tairi lililojazwa upepo huweza kupasuka kwa joto.

Mwisho, mahali nati zinapokalia, na uso unaogusana na gari, pafunikwe kwa utepe unaostahimili joto kabla ya kupuliza. Rangi ikibaki hapo hubanwa, hupungua unene, na nati hulegea zenyewe barabarani. Gari likishatembea kilomita 50 hadi 100, nati zote zikazwe upya kwa spana yenye kipimo.