Mtoko wa Mwisho wa Juma: Maneno ya Mlo na Burudani katika Viunga vya Dar es Salaam

Shughuli za kuunda na kusanifisha istilahi aghalabu huelekezwa kwenye taaluma zinazohesabiwa kuwa nzito, kama vile sheria, uchumi, sayansi na utawala. Maneno ya mapumziko, ya mlo na ya burudani huachwa yajitafutie njia yenyewe. Hata hivyo, mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hukutana na maneno hayo kila siku, katika leseni za biashara, matangazo ya utalii wa ndani, sheria ndogo za halmashauri, orodha za vyakula na vitabu vya kiada. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, uzito wa jambo hili umeongezeka. Neno lililokuwa likitamkwa kwa mzaha barazani laweza sasa kusomwa mbele ya hakimu.

Katika makala haya tumekusudia kuyachunguza maneno yanayotumika mkazi wa Dar es Salaam anapotoka siku moja au mbili kwenda kula na kuburudika, hasa Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake. Tutaanza na jina la wakati, tufuatie jina la tendo lenyewe, kisha mahali, chakula na burudani.

Mwisho wa juma au wikiendi?

Mfasiri mwangalifu huandika "mwisho wa juma" au "mwisho wa wiki", ilhali wananchi wengi husema "wikiendi". Tukizichunguza siku zetu tutaona jambo la ajabu kidogo. Jumamosi, kwa maana ya neno lenyewe, ni siku ya kwanza, na Jumapili ni ya pili, kwa kuwa mababu wa pwani walianza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa ibada. Kwa hesabu hiyo, siku tunazoziita mwisho wa juma ndizo hasa mwanzo wake. Ratiba ya kazi ya kiofisi ndiyo iliyoziweka mwishoni.

Je, kwa hoja hiyo tuseme kwamba "mwisho wa juma" ni kosa? La hasha. Maana ya neno huamuliwa na mapatano ya watumiaji, wala si na asili yake peke yake. Lakini mfasiri wa sheria yampasa kuwa na hadhari zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Haki hiyo haiitwi "wikiendi", kwani mpishi, mpiga gitaa na dereva wa daladala hufanya kazi Jumamosi na Jumapili ili wengine wapumzike. Kwa hiyo twapendekeza "mapumziko ya wiki" yatumike kwa haki ya kisheria, na "mwisho wa juma" au "wikiendi" kwa siku zenyewe.

Jina la tendo

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Katika matangazo ya Kiingereza, mapumziko mafupi ya aina hii hupewa jina lenye taswira ya kuponyoka. Ni neno lile lile linaloweza kutumiwa kwa mwizi anayekimbia baada ya kuiba. Mfasiri akifuata njia ya sisisi atapata "kutoroka". Lakini kwa Kiswahili anayetoroka ni mfungwa, mwanafunzi mtoro au mdeni. Tangazo litakalowaalika watumishi "kutoroka wikiendi hii" litamwacha msomaji akijiuliza ni nani atakayetumwa kuwatafuta.

Tuyapime basi maneno tuliyo nayo. "Safari" yadai umbali, mizigo na kuagana. Mtu wa Tandika aendaye Kigamboni na kurudi jioni hajafunga safari. "Likizo" ni ruhusa rasmi ya mwajiri, nayo huhesabiwa. Kwa sheria tuliyoitaja ni siku 28 kwa mwaka. Kuiita Jumamosi moja likizo ni kumchanganya karani wa utumishi. "Matembezi" ni neno zuri na la kale, ila lina maana pana mno: kumjulia hali shangazi ni matembezi, na kunyoosha miguu baada ya chakula cha jioni pia ni matembezi. "Mandari" linafaa sana kwa watu wanaobeba chakula chao na kwenda kukila bustanini au ufukweni. Kwa bahati mbaya watu wengi wamelisahau, na baadhi hulichanganya na "mandhari", yaani sura ya mahali inavyoonekana. Twawaomba walimu walifufue.

Linabaki neno ambalo wananchi wenyewe wameliunda bila kuagizwa na kamati yoyote, nalo ni "mtoko". Kwa muundo halina dosari. Limetokana na kitenzi "toka" kwa kanuni ile ile iliyotupatia "mchezo" kutoka "cheza", "mchango" kutoka "changa" na "msako" kutoka "saka". Wingi wake ni "mitoko". Kwa maana, hutaja tendo la kuondoka nyumbani kwa muda mfupi, kwa hiari na kwa furaha, pamoja na nia ya kurejea. Laweza kupambanuliwa kwa urahisi: mtoko wa familia, mtoko wa wafanyakazi, mtoko wa usiku. Twaona hakuna sababu ya kuendelea kuliita neno la mitaani. Misemo kama "kula bata" na "kujirusha" ina utamu wake, nayo ibaki katika mazungumzo na katika fasihi. Lakini "mtoko" linastahili kuingia katika maandishi rasmi.

Mahali

Kwa sehemu za pembezoni mwa jiji tunalo neno "viunga", ambalo zamani lilibeba pia maana ya mashamba ya miti ya matunda kandokando ya mji. Neno hili lafaa zaidi kuliko "nje ya mji", kwa maana Mbagala na Tandale si nje ya Dar es Salaam. Mipaka ya utawala nayo haina budi kuangaliwa. Katikati ya miaka ya 2010 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Maandishi ya kabla ya hapo yasomwe kwa kuzingatia jambo hilo. Mtu aelekeaye fukwe za Kigamboni hupanda "pantoni" Magogoni, au hupita katika daraja la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016. Katika nyaraka chombo hicho huitwa "kivuko". Maneno yote mawili ni halali, kila moja mahali pake.

Majina ya nyumba za mlo na vinywaji ndiyo yenye hatari zaidi. Kibao kilichoandikwa "hoteli" katika vitongoji vingi huashiria nyumba ya chakula isiyo na hata kitanda kimoja. Tuchukulie kwamba sheria ndogo imesema kila mwenye hoteli alipe ushuru kwa idadi ya vyumba. Mwuza wali na maharage atakuwa mdaiwa wa vyumba asivyokuwa navyo, au mwenye vyumba atajificha nyuma ya utata huo. Kwa hiyo "hoteli" itumike kwa mahali penye malazi na huduma ya chakula, "nyumba ya kulala wageni" kwa ile iitwayo gesti, na "mgahawa" kwa mahali pa kula. Neno hili la mwisho, pamoja na umbo lake la pili "mkahawa", limetokana na kahawa. Leo mtu aweza kula hapo ugali na samaki bila kuonja kahawa kabisa, na hakuna anayelalamika.

"Grosari" nalo limehama mbali na asili yake. Kwa Kiingereza ni duka la vyakula na mahitaji ya nyumbani. Dar es Salaam ni baa ndogo, yenye viti vichache na jokofu la bia. Ofisa atakayetangaza kwamba grosari zote zifungwe saa fulani ataeleweka Kinondoni, lakini mgeni atokaye Nairobi atadhani amekatazwa kununua sukari. Katika tangazo rasmi ni heri kueleza waziwazi: "duka dogo la vileo".

"Mama ntilie" ni jina lililozaliwa kutokana na sauti ya mteja: "nitilie", yaani niwekee chakula katika sahani. Ni jina changamfu, lakini ndani yake anayesikika ni mteja anayeamuru, wala si mwenye biashara. Lugha ya kiofisi imelipendelea "mama lishe", pamoja na mwenzake "baba lishe", yatokanayo na kulisha. Twaliunga mkono chaguo hilo kwa leseni na takwimu, kwa sababu humtaja mtu kwa kazi yake na kumpa heshima yake.

Chakula

Baadhi ya walimu hulisahihisha "nyama choma" liwe "nyama ya kuchoma". Tunaomba kutofautiana nao. "Nyama ya kuchoma" yaweza kuwa nyama mbichi iliyotengwa buchani kwa ajili ya kuchomwa. "Nyama iliyochomwa" hueleza tu hali ya nyama. "Nyama choma" ni jina la mlo maalumu, pamoja na mkaa wake, kachumbari yake na subira ya kuingoja. Mteja ana haki ya kujua ananunua ipi kati ya hizo tatu. Hali kadhalika "chipsi mayai" ni jina kamili la viazi vilivyokaangwa pamoja na mayai. Halihitaji kiunganishi "na", kwani "chipsi na mayai" ni vyakula viwili vilivyowekwa katika sahani moja. Vijana wamekipa chakula hicho jina la "zege", kwa jinsi kinavyoshikamana kama saruji na kokoto. Sitiari hiyo ni hodari, ila haifai katika orodha ya vyakula ya mkutano wa wizara.

Neno "kiti moto", yaani nyama ya nguruwe, lahitaji hadhari ya pekee. Ni tafsida, na kazi ya tafsida ni kufunika. Kazi ya orodha ya vyakula ni kufunua. Katika jiji lenye Waislamu na Wakristo wanaokaa meza jirani, mgeni asiyelijua neno hilo aweza kula kitu ambacho imani yake inamkataza. Hapa usahihi wa istilahi ni sehemu ya uungwana. Iandikwe "nyama ya nguruwe", hata kama mhudumu ataendelea kutamka vinginevyo.

Kwa upande wa tahajia, wauzaji wa ufuko wa Coco, maarufu kwa kiazi hiki kinacholiwa kwa kachumbari na pilipili, huandika "mhogo" na "muhogo". Umbo sanifu ni "muhogo", wingi "mihogo". Neno hili huihifadhi u yake kama "muhula" na "muhuri".

Burudani

"Burudani" ni ndugu wa "baridi": anayeburudika hupoa moyo baada ya joto la kazi. "Starehe" asili yake ni kupumzika, na mpaka leo mgeni humwambia mwenyeji anayetaka kuinuka, "Starehe!" Lakini katika matumizi ya siku hizi neno hili limeanza kuegemea upande wa anasa na matumizi mabaya ya fedha. Kwa hiyo katika kibali twapendekeza "ukumbi wa burudani" badala ya "nyumba ya starehe", ambalo laweza kumchafulia jina mwombaji asiye na kosa.

Katika muziki, viunga vya Dar es Salaam vimekuwa kiwanda cha maneno. "Muziki wa dansi" hutaja muziki wa bendi za magitaa na tarumbeta. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilibadili jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wa Sikinde. Yafaa kuzingatia kwamba msondo ni ngoma ya jadi, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zilizopiga magitaa ya umeme zilirudi kwa wazee kutafuta majina. Baadaye ukaja "mchiriku", uliotumia vinanda vidogo vya umeme na vipaza sauti vyenye mikwaruzo, kisha "singeli", iliyokulia Manzese, Tandale na Mburahati na ambayo kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Mfasiri asijaribu kuyatafutia maneno hayo visawe. Kama vile taarab isivyofasiriwa, singeli ni singeli katika lugha zote.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza: "mapumziko ya wiki" kwa haki ya kisheria, "mtoko" kwa matembezi mafupi ya kula na kuburudika, "mandari" kwa mtoko wa chakula cha kubeba, "mgahawa", "hoteli" na "nyumba ya kulala wageni" yasichanganywe, "mama lishe" na "baba lishe" katika nyaraka, "nyama ya nguruwe" katika orodha za vyakula, na "ukumbi wa burudani" katika vibali.

Kigezo chetu kimekuwa kimoja. Pale ambapo wananchi wameunda neno linalofuata kanuni za lugha na lisilomdhuru mtu, tumelipokea. Pale ambapo utata wa neno unaweza kumtoza mtu ushuru asioupaswa, kumlisha asichokiridhia au kumvunjia heshima, tumedai usahihi. Wasomaji walio Temeke, Kinondoni na kwingineko, pamoja na wale wa Zanzibar, Mombasa na Bukavu, wana maneno yao ambayo hatukuyataja hapa. Twawaomba watuletee, kila neno likiandamana na sentensi moja ya kuonyesha linavyotumika, ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.