Programu ya Kupangia Redio ya Mkononi

Aliyesimama chini kando ya maji ya Lac Vert, magharibi ya mji wa Goma, amezungukwa na kuta za kreta ya kale, ilhali mawimbi ya megahezi 144 hadi 146, waliyotengewa wenye redio za ridhaa katika Afrika, aghalabu hushika njia iliyonyoka. Basi na ajue mapema kwamba hapana programu iwezayo kumwondolea ukuta ule, na hana budi kupanda juu.

Akishapanda, mpango wa chaneli ndio wenye faida. Redio ya mkononi Baofeng UV-5R, inayopendwa kwa urahisi wa bei, ina nafasi 128 za chaneli, na kuzijaza kwa vibonye, masafa ya kupokea kwanza, kisha ya kupeleka, kisha toni ya kukifungulia kituo cha kupokezea, ni adhabu; ndipo programu ya kompyuta inapofaa.

Programu za watengenezaji kwa kawaida huzijua redio zao tu. Za RT Systems ni nzuri, ila huuzwa, na kila aina ya redio hutaka yake. CHIRP, aliyoianzisha Mmarekani Dan Smith mwaka 2008, ni ya bure, hukubali Windows, Mac na Linux, na huziweza redio za makampuni mengi. Fauka ya hayo, ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Na katika mji wa Goma, ulioingiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, wakaazi wake wengi wakahama tena 2021, si busara kungoja siku ya msiba ndipo mtu aanze kupakua. Mimi naichagua CHIRP, isipokuwa kwa redio za dijitali za DMR, ambazo ghalibu hutaka programu ya mtengenezaji.

Programu hulaumiwa bure, ilhali taksiri ni ya waya unaounganisha redio na kompyuta: chipu bandia za Prolific zilizo ndani yake hukataliwa na draiva mpya za Windows. Waya ukishakubali, isome redio kwanza, uhifadhi nakala ya asili, ndipo uandike.

Kibali cha redio ya ridhaa hutolewa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Maadamu UV-5R yaweza kupeleka sauti hata nje ya masafa ya ridhaa, na redio mkononi huzua maswali katika mji uliozoea vita, kwa kila chaneli ya kusikiliza tu weka neno «off» katika safu ya Duplex ya CHIRP, na redio haitapeleka sauti hapo hata kibonye kikibonyezwa kwa bahati mbaya.