Kasigau: mlima wetu wenyewe, na jasho lake

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa mlima, akili hukimbilia Kilimanjaro. Kumbe tunao wa karibu. Kasigau uko Kaunti ya Taita Taveta, urefu wake mita 1,641. Kutoka Mombasa unafuata barabara ya Nairobi hadi Maungu, unakata kushoto, kisha ni vumbi mpaka Rukanga.

Mwezi uliopita tulikwenda wanne, sote tumepita miaka arubaini. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiongozwa na kijana wa pale kijijini.

Ugumu wa Kasigau ni mwinuko. Kijiji kiko chini sana, kwa hivyo unapanda karibu mita elfu moja kwa siku moja. Mwanzo ni nyika ya miiba na jua. Juu unaingia msitu wa baridi, njia inateleza na miti imerowa. Sababu ni upepo wa Bahari ya Hindi: huleta unyevu, ukigonga mlima hugeuka ukungu, na majani huunasa na kuudondosha. Maji hayo ndiyo yanayovitegemeza vijiji vya chini. Msitu ukikatwa, mifereji hukauka.

Kosa letu lilikuwa maji: kila mtu chupa moja ya lita. Baada ya saa tatu, mwenzetu mmoja alikazwa na misuli ya mapaja.

"Niacheni hapa, mtanikuta mkirudi," akasema.

Kijana akakataa. "Mzee, hapa haachwi mtu. Ukungu ukishuka, hata mimi njia inanipotea."

Tukaketi. Tukamchangia maji, tende na njugu za chumvi. Baada ya nusu saa akainuka. Tukaafikiana kwamba ikigonga saa sita hatujafika, tunageuza sote. Tulifika saa sita kasorobo.

Kileleni hatukuona kitu, ukungu mtupu. Lakini tulisikia jambo. Kijana alitueleza kuwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko, wasiuone tena mlima wao. Mimi nina jamaa Malindi, nimekwenda huko tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunihadithia. Nilinyamaza njia nzima ya kurudi.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, basi usikudharau. Ukitaka kwenda, chukua lita tatu za maji, viatu vinavyoshika, na mwenyeji wa njia. Na kabla hamjaanza, wekeni saa ya kugeuza. Mkiiweka mkiwa mmechoka, mtabishana.

Alasiri tuliswali Rukanga, wanne kama tulivyoondoka. Alhamdulillahi.