Watu wa Mabango

Desemba 2024 shangazi yangu wa Tanga alinitumia video fupi kwa WhatsApp, na kabla sijaimaliza akapiga simu. Viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz vilikuwa vimeuzwa mnadani Dallas kwa dola milioni 32.5, ukijumlisha na ada. "Mwanangu, hao wenzio hawana maskini wa kuwalisha? Viatu vya marehemu! Huku kwetu vya marehemu hutolewa sadaka."

Nilicheka, ila lile neno "wenzio" likanikaa. Kwa miaka sita Jumamosi zangu zilipita kati ya watu hao, huko Ohio, na wanayosemwa nyumbani siyo niliyoyaona.

Viatu vyenyewe sivitetei. Viatu, magauni na panga za mbao ni mambo ya matajiri, wayamalize wenyewe. Watu wangu ni watu wa karatasi: wanaokusanya na kuuziana mabango ya sinema za zamani za Hollywood. Wana lugha yao, miiko yao, wazee wao na siku yao ya kukutana. Sijui jamii inahitaji nini zaidi ya hapo.

Niliingia kwao kwa mlango wa kibarua. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliuza mabango katika gereji ya nyumba yake, na macho yalikuwa yameanza kufifia. Alihitaji mtu wa kumsomea maandishi madogo. Nilimwita "Mzee" kwa mazoea ya kwetu. Alipojua maana yake hakutaka nimwite vingine.

Somo la kwanza alilonipa ni kwamba bango la sinema halikutengenezwa lidumu. Tangu mwaka 1940 hivi, mabango ya kampuni nyingi za filamu yalisambazwa na National Screen Service, na wenye majumba ya sinema waliyakodi tu. Filamu ikiondoka mjini, bango lilirudishwa, likapelekwa mji mwingine, na mwingine, hadi likachakaa likatupwa. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, karatasi kuukuu zikakusanywa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya vita. Kwa hiyo bango la miaka ya 1930 likikufikia mkononi, ujue lina kisa cha kuponea: lilitandikwa chini ya zulia la mpira, lilizibia upepo ukutani, au lilisahauliwa darini.

Mwaka 2011, huko Berwick, Pennsylvania, rundo la mabango lililotoka katika dari ya nyumba moja liliuzwa mnadani kwa dola 30,000. Yalikuwa yamegandana kwa gundi, moja juu ya jingine. Mafundi wakayabandua kwa mvuke, yakapatikana 33, na Machi 2012 yakauzwa Dallas kwa dola 503,000. Watu wa nje husimulia hiyo nusu milioni. Watu wa mabango husimulia mvuke.

Sasa nieleze kufunua bango, maana hapo ndipo penye mila yenyewe. Kwanza mikono: huoshwa kwa sabuni, ikaachwa ikauke kabisa. Glavu nyeupe zinazooneshwa kwenye filamu Mzee alizicheka. Uzi wake hukwama penye mchaniko na kuuongeza. Bango la kawaida, wao huliita "shiti moja", lina inchi 27 kwa 41, na hadi miaka ya 1980 lilitoka kwa mchapaji likiwa limekunjwa: mikunjo mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Halifunuliwi kwa kuvuta pembe. Unalilaza mezani, unaingiza viganja chini ya mkunjo, unainua polepole kama anayemgeuza mtoto aliyesinzia. Hakuna anayeongea.

Likishalala wazi, mgeni hutazama picha. Mwenyeji hushuka kwanza pembe ya chini kulia, kwenye namba. Mwaka upo hapo, na ukitanguliwa na herufi R, basi bango ni la siku filamu iliporudishwa kuoneshwa upya, na bei hushuka. Kisha hupimwa kwa futikamba: likiwa inchi 24 kwa 36, mara nyingi ni nakala ya dukani. Kisha kioo cha kukuzia. Chapa ya jiwe ya zamani huacha chembechembe kama za chaki; ukikuta vidoti vilivyojipanga mistari pale ambapo pangekuwa na chaki, umeshapata jibu. Mwisho wa yote Mzee aliinama akanusa. Siku ya kwanza nilimuuliza ananusa nini. "Ghala," akasema.

Siku moja bango nililomfunulia lilikuwa la Hatari!, filamu ya John Wayne ya mwaka 1962 iliyopigwa Tanganyika, pande za Arusha. Akaniomba nilisome jina kwa sauti. Nikasoma. Akaniomba tena, safari hii amefumba macho. Miaka mingi alikuwa akiliuza neno letu, na hakuwahi kulisikia kutoka kwa mwenye nalo.

Upo pia ugomvi wa kulivalisha bango kitambaa kwa nyuma na kulipaka rangi lilipochubuka. Hawa wanasema ni tiba, wale wanasema ni kughushi. Ni ugomvi mrefu usio na utamu, nauacha.

Shangazi huuliza, karatasi ina faida gani? Mimi humtajia London After Midnight, filamu ya Lon Chaney ya mwaka 1927. Nakala yake ya mwisho inayojulikana iliteketea kwa moto katika ghala la MGM miaka ya 1960. Kuitazama filamu hiyo leo haiwezekani, lakini bango lake lipo, na mwaka 2014 liliuzwa kwa dola 478,000. Shangazi ana kanga ya bibi ambayo hakuna binti katika ukoo aliyeruhusiwa kuijaribu. Sijawahi kumuuliza angeiuza kwa kiasi gani, maana najua angeninunia mwezi mzima.

Siku yao kubwa ilikuwa mnada wa kila mwaka, usiku, katika ukumbi wa hoteli. Mchana kutwa mafungu yalikaa mezani, watu wakiyazunguka na vioo vyao. Dalali hakuwa wa kukodiwa, alikuwa mmoja wao. Kabla ya kila fungu alisimulia lilikotoka na nani alilitunza, na likiwa la marehemu alilitaja jina lake. Ukumbi ukanyamaza kidogo, ndipo vibao vya namba vikaanza kuinuka. Hamsini. Sabini. Mia.

Na palikuwa na adabu ya kumwachia mtu. Ukijua mwenzio ametafuta kwa miaka bango la filamu aliyoiona na mama yake, unashusha kibao. Mwanasheria angeiita njama ya kumpunja muuzaji, na sitabishana naye. Lakini nilimwona Mzee akiachiwa hivyo usiku mmoja, na asubuhi akaenda hadi kwenye meza ya aliyemwachia, akaweka kikombe cha kahawa, akaondoka bila neno.

Mnada ule wa hotelini haupo tena. Siku hizi minada mingi imehamia kwenye simu, na saa inahesabu sekunde kurudi nyuma. Nakubali, aliyeko Lamu naye anaweza kupandisha dau. Lakini hanusi. Kadi ndogo za matangazo, zilizokuwa zikibandikwa kwenye kumbi za majumba ya sinema, sasa hufungiwa ndani ya plastiki ngumu zikiwa zimepewa alama, na anayenunua analipia alama hiyo. Kadi yenyewe haitaguswa tena na mkono wa mtu. Wanaotuona wendawazimu wa pesa wamechelewa: desturi zilizokuwa zikiizuia pesa isitawale ndizo zinazokufa, na pesa imebaki.

Mzee alifariki. Watoto wake hawakutaka karatasi, na siwalaumu, nyumba za siku hizi ni ndogo. Mabango yake yaliuzwa mtandaoni usiku wa siku ya kazi, kila fungu na namba yake. Jina lake halikutajwa popote. Nilikaa jikoni na simu mkononi, chai ikapoa. Lilipofika Hatari! niliweka dola 60, nikasubiri wanipite. Nilijua watu wasiopungua wanne waliolitamani bango lile kwa miaka.

Hakuna aliyepandisha. Ingekuwa ukumbini ningegeuka nyuma nione nani ameshusha kibao, na asubuhi ningempelekea kahawa. Kwenye simu yaliandikwa maneno mawili tu, kwamba nimeshinda, na chini yake bei: dola 60, na ada ya mnunuzi juu yake.